Nyuzi Nne za Besi: Historia Fupi kwa Ajili ya Bendi ya Shule Yetu

Ndugu Mhariri alinitaka niandike makala ya historia kwa toleo hili la mkutano wetu. Hapana shaka alitarajia niandike juu ya wamisionari, au juu ya watemi wa Ufipa, au namna mkoa wetu wa Rukwa ulivyozaliwa mwaka 1974. Mambo hayo yamekwisha kuandikwa na watu wenye elimu kunizidi. Mimi nitaandika juu ya nyuzi nne za chuma.

Sababu yake wajumbe wa Kamati wanaifahamu. Katika kikao chetu kilichopita yalizuka mabishano ambayo hayakwisha. Wanachama wamechanga fedha za kuifufua bendi ya shule. Gitaa la solo na la rithimu yamekwisha patikana, ngoma zipo, na lile gitaa la besi la zamani, ambalo wengi wetu tunalikumbuka, limetolewa stoo na kukutwa shingo yake ingali nzima. Kilichobaki ni nyuzi za besi. Wanafunzi wameleta barua ya adabu kabisa, wakiomba nyuzi zinazofaa kupigia muziki wa roki kwa piki. Hapo ndipo baadhi ya kaka zetu waliotutangulia waliposimama na kusema kwamba roki ni kelele za kigeni, kwamba fedha zao hazikuchangwa kwa ajili hiyo, na kwamba zinunuliwe nyuzi za dansi au zisinunuliwe kabisa. Wawili walisema watarudishiwa michango yao. Kwa kuwa niliwahi kulipiga gitaa hilo kwa miaka mitatu, Kamati ilinipa kazi ya kulichunguza jambo hili. Nimelichunguza, na niliyoyaona ni haya.

Kwanza niwaeleze wale ambao hawajapata kulishika gitaa la besi. Lina nyuzi nne. Mnene kuliko zote hutoa sauti ya E, inayotikisika mara 41 kwa sekunde; hufuata A mara 55, D mara 73 na G mara 98. Kila uzi una kiini cha waya wa chuma cha pua, na juu ya kiini hicho umezungushiwa waya mwingine. Shauri lote liko kwenye huo waya wa juu. Ukiwa bapa kama utepe, uzi huteleza chini ya kidole kama kioo, na sauti yake ni nzito na tulivu. Nitauita uzi bapa. Ukiwa wa mviringo kama waya wa kawaida, uzi huwa na mifereji midogo, hukwaruza kidole, na sauti yake hung'aa mithili ya sauti za chini za piano. Huo nitauita uzi wa mviringo. Na piki, kwa asiyeijua, ni kile kipande kidogo cha plastiki kinachoshikwa baina ya kidole gumba na cha shahada ili kuchapia nyuzi.

Gitaa la besi si chombo cha kale. Leo Fender wa California alilitoa mwaka 1951 ili wapigaji waachane na ile besi kubwa ya kusimama, ambayo kuisafirisha ilikuwa taabu na ambayo katika ukumbi wenye watu wengi haikusikika. Wapigaji wa mwanzo walitaka sauti ile ile waliyoizoea, ya kishindo kisichong'aa. Kwa hiyo kwa miaka 15 hivi uzi bapa ndio uliotawala. James Jamerson wa Detroit, aliyepiga besi katika santuri nyingi za Motown, alitumia nyuzi bapa nene, akapiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, na hakubadili uzi mpaka ukatike. Hizo ndizo besi za ule muziki wa soul uliopigwa marufuku Dar es Salaam mwezi Novemba 1969. Watu wazima walisema siku zile maneno yale yale ambayo nimeyasikia katika kikao chetu juu ya roki.

Yafaa niseme hapa kwamba piki yenyewe haimlazimishi mtu kutumia nyuzi za mviringo. Carol Kaye, mama mmoja wa Los Angeles aliyepiga besi katika santuri nyingi mno za miaka ya 1960, alitumia piki juu ya nyuzi bapa, na karibu na daraja la gitaa aliweka kipande cha kitambaa kizito ili noti isirefuke. Paul McCartney naye, katika ile besi yake ndogo ya Höfner, alipiga piki juu ya nyuzi bapa. Sauti inayopatikana hivyo ni nzuri, fupi na kavu. Lakini siyo sauti wanayoiomba vijana wetu.

Sauti wanayoiomba ilizaliwa London, na kisa chake wapigaji wa besi hawachoki kukisimulia. John Entwistle wa kundi la The Who alikuwa akitafuta besi inayong'aa. Akaipata katika gitaa la Kimarekani la Danelectro, lililokuja na nyuzi nyembamba za mviringo. Alipozikata, akagundua kwamba Uingereza nzima hakuna duka lililouza nyuzi za namna hiyo. Basi akanunua gitaa jingine zima, na baadaye jingine tena, kwa ajili ya nyuzi tu! Mwaka 1966 alikwenda kwa fundi mtengeneza nyuzi, James How, mwenye kiwanda cha Rotosound, wakakaa pamoja wakijaribu hili na lile mpaka uzi mnene wa E ukalia kwa uwazi sawa na wenzake. Tangu hapo uzi wa mviringo ukawa uzi wa roki. Chris Squire wa Yes na Lemmy wa Motörhead, wote wapigaji wa piki, walijenga sauti zao juu ya nyuzi za namna hiyo. Nimekieleza kisa hiki kirefu kidogo kwa makusudi. Sisi huku Sumbawanga tumezoea kudhani kwamba kukosa vifaa ni balaa letu peke yetu.

Mwalimu wetu wa Fizikia angetaka tueleze sababu, nami namheshimu. Kidole ni kinene na laini, hivyo hugusa sehemu pana ya uzi na kuzima zile sauti ndogo ndogo za juu zinazopanda pamoja na noti. Piki ni nyembamba na ngumu. Huugusa uzi mahali padogo na kuuachia ghafla, na sauti hizo za juu huamka zote. Uzi wa mviringo una uwezo wa kuzibeba. Uzi bapa hauna; huzifunika. Kwa hiyo ukipiga roki kwa piki juu ya uzi bapa utasikia mgongano wa plastiki na chuma, kisha kishindo, na katikati pengo. Katika roki magitaa ya juu yanakwaruza kwa nguvu, na besi isiyo na kung'aa humezwa, isisikike tena isipokuwa tumboni.

Sasa nije kwetu. Bendi zetu za dansi zilizokuzwa baada ya Uhuru zilikuwa nyingi kati yake mali ya jumuiya na mashirika: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama, polisi na jeshi walikuwa na bendi zao. Magitaa yalikuwa ya mwajiri, siyo ya mpigaji. Santuri za bendi zetu zilichapwa Nairobi, na vifaa vingi vilipitia huko huko. Mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977. Mwaka 1978 ikaja vita ya Kagera, na baada yake ile miaka ya shida ambayo kaka zetu wanaikumbuka kuliko mimi, wakati sabuni yenyewe ilikuwa habari ya kupanga foleni. Nani angepewa fedha za kigeni kwa ajili ya nyuzi za gitaa? Hali ilianza kulegea mwaka 1984, wenye fedha zao nje waliporuhusiwa kuagiza bidhaa.

Lakini ni katika miaka hiyo hiyo ya ukata ndipo Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilipotoa zile nyimbo ambazo hata leo zikipigwa harusini wazee huacha sahani zao. Msikilizeni Suleiman Mwanyiro anavyopiga besi. Haijazi kila nafasi. Huuliza, hunyamaza, hujibu. Sauti ni nzito na laini. Hapa natoa dhana yangu, na anayepinga apinge: sehemu fulani ya sauti ile tunayoipenda na kuiita ya Kitanzania huenda ilitokana na uchakavu wa nyuzi. Uzi wa mviringo ukipigwa mwaka mzima bila kubadilishwa, mifereji yake hujaa jasho, mafuta na vumbi, na ung'aavu hufa. Masikioni huwa kama uzi bapa. Mafundi wetu wakaisikiliza sauti hiyo, wakaijua mipaka yake, wakatunga muziki unaokaa ndani yake. Ikiwa ndivyo, basi hizo "nyuzi za dansi" zinazotajwa katika kikao chetu hazikuwa nyuzi za aina ya pekee. Zilikuwa nyuzi zozote zilizopatikana, ziliposhika umri.

Na huko Ufipa je? Tazameni ramani. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na mpaka miaka ya karibuni, kabla ya lami ya Tunduma kukamilika, masika ilikuwa na uwezo wa kuligeuza basi kuwa nyumba ya kulala. Mbala, kwa upande wa Zambia, iko jirani tu ng'ambo ya Kasesya. Wazee wetu wengi walikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba huko kusini, na waliorudi hawakurudi na blanketi peke yake. Baba yangu mkubwa alirudi na redio, nayo ilikaa siku zote kwenye sauti za Zambia. Hata umeme wa Sumbawanga, baada ya miaka ya jenereta, ulikuja kununuliwa Zambia kupitia Mbala. Basi msishangae na muziki ukiwa umepita njia hiyo hiyo.

Na muziki uliokuwako katika miji ya shaba katika miaka ya 1970 ulikuwa roki. Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ya nchi yake ipige kwa sehemu kubwa kabisa muziki wa Wazambia wenyewe, na vijana waliokulia kwenye santuri za Kiingereza wakaunda roki yao, iliyokuja kuitwa Zamrock. Walikuwako Musi-O-Tunya, ambao walifanya kazi hata Nairobi. Paul Ngozi na Ngozi Family. Na maarufu kuliko wote, WITCH, ambao santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1972 na ambao besi yao ilipigwa na Gedeon Mwamulenga. Jina hilo la bendi kwa Kiingereza lina maana ya mchawi. Wenyeji wa mji ambao jina lake lenyewe lina maana ya kutupa uchawi watanisamehe nikicheka kidogo hapa. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka hiyo, kumbi zikafungwa na bendi nyingi zikafifia, ingawa WITCH wameamka tena na kuzunguka dunia uzeeni.

Anayedai kwamba roki haikuwahi kuwa na Mtanzania, na amtazame Sunburst. Hao walikuwa bendi ya Dar es Salaam, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakachanganya roki na soul na midundo ya kwetu, na santuri yao ndefu, Ave Africa, ilitokea Zambia mwaka 1976. Kumbe jirani zetu wa kusini ndio waliokuwa na studio na sikio kwa ajili yao.

Kabla ya magitaa ya umeme, na sambamba nayo, watu wa Zambia na Malawi walikuwa na babatoni, besi ya kutengeneza kwa mikono: mti mrefu, kasha la sauti lililowambwa ngozi, na uzi mmoja unaochapwa kwa kijiti huku mkono mwingine, au chupa, ukiteleza kutafuta noti. Nauliza, kijiti kile ni nini ikiwa siyo piki? Uzi unapochapwa kwa kitu kigumu, sauti hulia na kukwaruza kwa pamoja, na hakuna aliyepata kuiambia babatoni kwamba ni ya kigeni.

Katika miaka yangu shuleni, miaka ya 1990, bendi yetu ilikuwa na gitaa hilo hilo la besi lenye nyuzi ambazo hakuna aliyejua zilifungwa lini. Uzi wa E ulipokatika, fundi baiskeli wa sokoni alituuzia kebo ya breki, tukaifunga. Mlio ulitoka, lakini noti haikutoka. Nimekuja kuelewa sababu baadaye. Kebo ya breki ni nyaya nyingi zilizosokotwa pamoja kama kamba. Zinasuguana zenyewe kwa zenyewe na kuzima mtikisiko, wakati uzi wa besi una kiini kimoja kilichonyooka na uzito umezungushiwa nje. Wanafunzi wa sasa wasipoteze muda na kebo. Wala mshipi wa kuvulia wa Ziwa Rukwa hautawafaa, kwa kuwa sumaku za gitaa husikia chuma tu. Ni jambo la kutafakari kwamba babu zetu wa Ufipa waliyeyusha chuma chao wenyewe katika malungu, zile tanuru ndefu za udongo ambazo mabaki yake yangali yakionekana vijijini, nasi tunasubiri waya kutoka ng'ambo.

Sasa nunuzi lenyewe. Napendekeza nyuzi za mviringo, na nawaomba kaka zetu wanisikilize mpaka mwisho wa aya hii. Uzi wa mviringo unaweza kufanywa upigwe kidansi. Punguza kitufe cha sauti za juu, acha piki, piga kwa kidole gumba, weka kipande cha sifongo chini ya nyuzi karibu na daraja, na utasikia kitu kinachofanana sana na besi za ujana wenu. Uzi bapa hauwezi kufanywa uwe wa roki kwa njia yoyote, kwa maana huwezi kuongeza kitu ambacho uzi hautoi. Tukinunua nyuzi za mviringo, bendi moja itapiga miziki yote miwili kwa gitaa moja. Tukinunua nyuzi bapa, tutakuwa tumewanyima wadogo zetu, nasi wenyewe hatukuongeza kitu.

Ziwe za chuma kilichopakwa nikeli. Zile za chuma kisichoshika kutu hung'aa zaidi na wapiga roki wengi huzipenda, lakini ni ngumu, hula vile vyuma vya shingoni, na sijui ni fundi gani wa Sumbawanga atakayevibadilisha. Unene uwe ule wa kawaida, yaani elfu 45 za inchi kwa uzi wa G hadi elfu 105 kwa uzi wa E. Wanaoanza hupenda nyembamba kwa kuwa haziumizi vidole. Lakini piki husukuma uzi kwa nguvu, na uzi mwembamba huyumba mpaka ukagonga vyuma na kutoa mlio wa bati. Nene kupita hapo nisingeshauri kwa gitaa la umri huu. Nyuzi nne za unene niliotaja, zikikazwa, huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 80 hivi, usiku na mchana. Piki yenyewe iwe nene ya milimita moja au zaidi. Nyembamba hupinda na kupiga makofi.

Hali ya hewa yetu nayo ina neno. Kiangazi cha uwanda wa juu ni kikavu na chenye baridi, mbao husinyaa, na ncha za vyuma vya shingoni huanza kuchoma kiganja. Gitaa lisikae karibu na jiko wala dirishani, na mnamo Juni na tena mvua zinapoanza shingo itazamwe kama imepinda. Baada ya kupiga, nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu. Zikianza kufifia, zifunguliwe na kuchemshwa katika maji safi kwa dakika 10, zikaushwe vizuri, zifungwe tena. Mafuta hutoka na ung'aavu hurudi kwa muda. Sumbawanga, katika mita zipatazo 1,800, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, kwa hiyo ongezeni dakika chache, kama mama zetu wanavyofanya kwa maharage. Uzi mmoja unavumilia kuchemshwa mara mbili tatu, siyo daima.

Limebaki jambo moja ambalo siwezi kulifanya nikiwa ofisini kwangu. Magitaa ya besi hayana urefu mmoja. Yale makubwa, toka kile kipande cha mfupa kilicho chini ya vigingi vya kukazia hadi kwenye daraja, ni inchi 34, kama sentimita 86. Mafupi ni inchi 30, sentimita 76. Nyuzi za moja haziwi sawasawa katika jingine. Namwomba kiranja wa bendi alipime gitaa hilo kwa rula ya mbao ya darasani, na aniandikie kabla mjumbe wetu hajasafiri kwenda Dar es Salaam. Nyuzi zitakapofika, asikate ncha ya uzi mrefu kabla hajaukunja pembe kali kwenye kigingi, maana waya wa juu utafumuka na uzi mzima utakufa siku ile ile. Ninaagiza seti mbili, pamoja na uzi mmoja wa G wa akiba.